Jinsi ya kuandika hadithi ya kutisha ya kisaikolojia kuhusu pacha shambani: mwongozo kamili

Hadithi ya aina hii haihitaji jini wala maiti inayotembea. Inahitaji watu wawili wenye sura moja, shamba lililo mbali kiasi kwamba ukipiga kelele jirani hasikii, na jambo moja ambalo familia nzima imekubaliana kimyakimya kutolitaja. Hofu yake inatokana na swali moja ambalo msomaji analibeba tangu ukurasa wa kwanza: huyu anayenisimulia, je, anajua alichokifanya?

Mwongozo huu unalenga hadithi fupi ya maneno kati ya 5,000 na 7,000, yenye matukio makuu 9 au 10. Chini ya maneno 4,000 msomaji hapati muda wa kuwazoea pacha kabla hujaanza kuvuruga anachokijua juu yao. Ukivuka 8,000 bila kisa cha pili, shaka humchosha akaanza kuruka kurasa.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Hawa na Mwanaidi ni pacha wa kufanana, wana miaka 12, wanaishi na wazazi wao kwenye shamba la kondoo na ng'ombe wachache wa maziwa. Mwaka mmoja uliopita mdogo wao Salehe, aliyekuwa na miaka 10, alitumbukia kisimani akafa. Mfuniko ulikuwa umeachwa wazi. Anayesimulia ni Hawa.

Hatua ya 1: Andika karatasi ya ukweli

Hadithi nyingi za namna hii hufa kwa sababu mwandishi mwenyewe hajui kilichotokea. Anadhani akiacha mambo yaelee, utata utajijenga wenyewe. Haujijengi. Msomaji hutambua haraka kwamba nyuma ya pazia hakuna kitu, na akishatambua hivyo haogopi tena.

Kwa hiyo kabla ya sentensi ya kwanza ya hadithi, andika karatasi ya maneno kama 300 ambayo hakuna atakayeisoma isipokuwa wewe. Iwe kavu kama taarifa ya polisi, yenye saa na mahali. Kwenye mfano wetu: saa 11 jioni Hawa alifungua kisima kuteka maji ya kondoo. Baba akamwita amsaidie kumshika kondoo aliyekwama kwenye uzio, akaondoka bila kurudisha mfuniko. Mwanaidi alikuwa mlangoni mwa ghala, akaona yote. Saa 12 kasoro robo Salehe alikwenda kisimani. Mwanaidi hakusema neno usiku ule, wala kesho yake. Kadiri miezi ilivyopita, Hawa akaanza kukumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa mlangoni mwa ghala.

Chini ya karatasi hiyo chora safu mbili. Safu ya kwanza ni usomaji ambao msomaji ataufikia kwanza: Mwanaidi anamtesa dada yake, anamnyang'anya mama, na usiku anavaa shati la marehemu. Safu ya pili ni usomaji utakaomjia baadaye: anayevaa shati ni Hawa mwenyewe. Kila tukio utakalolibuni liandike kwenye safu zote mbili na ueleze linavyowezekana katika kila moja. Tukio linaloingia safu moja tu ama lifute, ama lihifadhi kwa ajili ya moja ya tano ya mwisho ya hadithi. Kazi hii inachosha kuliko zote zilizomo humu, na ndiyo inayotenganisha hadithi ya kisaikolojia na hadithi ya kushtua tu.

Hatua ya 2: Chagua chanzo cha mvurugiko

Akili ya mhusika isiharibike kiholela. Chagua hali moja inayojulikana, isome vizuri, kisha usiitaje jina hata mara moja ndani ya hadithi. Hali nne zinafaa sana kwa pacha.

Ya kwanza ni kumbukumbu yenye wenyewe wawili. Mwaka 2001 Mercedes Sheen, Simon Kemp na David Rubin walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba pacha wengi wana kumbukumbu ya tukio la utotoni ambalo kila mmoja anadai kwa dhati kuwa lilimpata yeye, si mwenzake. Hakuna anayedanganya. Wote wawili walikuwapo au walisimuliana mara nyingi, na akili ikapoteza alama ya nani alikuwa mtendaji na nani mtazamaji. Kwa mwandishi hii ni hazina. Hali hii haihitaji ugonjwa, haihitaji mtu mwovu, na msomaji yeyote mwenye ndugu anaijua kidogo. Mfano wetu umejengwa juu yake.

Ya pili ni imani potofu ya wawili, iliyoelezwa Ufaransa mwaka 1877 na Lasègue na Falret: mtu mmoja anashika imani isiyo ya kweli, na anayeishi naye karibu, wakiwa wamejitenga na watu, anaipokea. Mara nyingi wakitenganishwa, yule wa pili huanza kupona. Hapa shamba linafanya kazi yenyewe, kwa kuwa upweke ndio unaolisha hali hiyo. Hatari yake ni moja: ukiitumia lazima ujue ni nani aliyeanza, na karatasi yako iseme.

Ya tatu ilielezwa mwaka 1923 na Joseph Capgras na Jean Reboul-Lachaux. Mgonjwa anauona uso wa mtu wake wa karibu na kuutambua, lakini haujisikii kuwa wake, hivyo anasadiki kwamba huyo ni mwigaji aliyechukua nafasi. Kwa pacha ni rahisi mno kuitumia, na ndiyo sababu tunashauri umpe mzazi kuliko pacha mwenyewe. Mama anayesema "huyu si mwanangu" huku amemtazama mmoja wa watoto wanaofanana kabisa anaweza kuwa mgonjwa, anaweza kuwa amekosea, na anaweza kuwa mtu pekee aliye sahihi.

Ya nne ni usingizi mbovu. Kupooza usingizini, ambapo mtu yuko macho lakini mwili haufuati, huchukua sekunde hadi dakika chache na mara nyingi huja na hisia kwamba kuna mtu chumbani. Itumie mara moja tu. Ikijirudia, msomaji atapata maelezo mepesi ya kila kitu na hofu itaisha.

Neno moja kuhusu haki. Watu wengi wenye maradhi ya akili hawamdhuru mtu. Usifanye ugonjwa kuwa jina lingine la uovu. Hadithi inatisha zaidi mhusika anapokuwa anajitetea dhidi ya huzuni asiyoweza kuibeba.

Hatua ya 3: Wajenge pacha wawe wawili kwanza

Msomaji hawezi kuogopa kuwachanganya watu ambao hakuwahi kuwatofautisha. Theluthi ya kwanza ya hadithi ifanye kazi hiyo.

Amua kama wanatokana na yai moja au mawili. Wa yai moja huwa na jinsia moja na kufanana sana, lakini alama zao za vidole hazifanani. Baadhi yao hufanana kama mtu na kioo: mmoja hutumia mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, hata mzunguko wa nywele utosini huelekea upande wa pili. Ukichagua pacha wa namna hiyo una nyenzo nzuri, kwani mkono unaotumika unaweza kumtaja mtu bila jina. Hawa wetu anakamua kwa kuanza na mkono wa kulia, Mwanaidi wa kushoto.

Wape tofauti tatu zinazoonekana na mbili zilizofichika. Zinazoonekana ziwe za matendo kuliko za mwili: mkono, namna ya kufunga lango, nani huongea kwanza wakiulizwa na baba. Zilizofichika ziwe zile ambazo mtu wa nje hawezi kuziona, mfano nani huota, nani huhesabu hatua gizani. Kovu epuka. Kila msomaji wa hadithi za pacha hulisubiri kovu, na siku utakapolitaja atajua umelitega.

Majina yasianze na herufi moja wala kuwa na urefu sawa. Hawa na Mwanaidi hawachanganyiki machoni. Rehema na Halima katika aya moja yenye mazungumzo ya haraka huchosha.

Lugha ya siri ya pacha ipo kweli. Kwa kawaida huanzia utotoni watoto wanapochelewa kusema na kuigana makosa, kisha hufifia. Kwa hiyo pacha wa miaka 12 wanaoongea lugha nzima ya kubuni hawaaminiki. Waachie maneno mawili au matatu yaliyobaki. Mojawapo litumike mara tatu tu katika hadithi, na mara ya mwisho litamkwe na mtu asiyepaswa kulijua.

Hatua ya 4: Shamba liwe na ratiba, si mandhari tu

Hapa ndipo waandishi wengi wanapokwama. Wanachora nyumba kuukuu, upepo na giza, kisha wanaanza kupiga kelele. Shamba linatisha kwa sababu kazi yake haisimami hata siku ya msiba. Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa mara mbili kwa siku, takriban kila baada ya saa 12. Asipokamuliwa kiwele hujaa, humuuma, hulia, na anaweza kupata ugonjwa wa kiwele. Maana yake ni kwamba asubuhi baada ya Salehe kufa, kuna mtu alikwenda kukamua. Nani? Sentensi hiyo moja inaeleza familia nzima.

Chora ramani kwenye karatasi: nyumba, zizi, ghala, kisima, njia. Andika umbali kwa hatua. Ikiwa kutoka mlango wa ghala hadi kisimani ni hatua 60, mtoto mwenye macho mazuri anaona kuna mtu ameinama, lakini saa 11 jioni, mbele ya pacha wa kufanana wenye nguo zinazofanana, haoni ni yupi. Umbali huo ndio hadithi yenyewe. Ukiubadilisha katikati bila kujua, safu zako mbili zinaanguka.

Kisha andika ratiba ya siku moja kwa saa, na weka kando ya kila kazi jina la anayeifanya. Hadithi ikiendelea, kazi zihamie kwa mtu mwingine kimyakimya. Msomaji atahisi kitu kimehama kabla hajakitambua.

Sasa tafuta tukio la shambani litakalobeba wazo zima. Lisiwe la kubuni. Mifugo ina mambo ya kutosha, na mawili yanahusu pacha moja kwa moja.

La kwanza: ng'ombe akizaa pacha, dume na jike, jike huyo huwa tasa katika zaidi ya asilimia 90 ya visa. Wakiwa tumboni mishipa ya makondo yao huungana, damu huchanganyika, na homoni za dume huzuia viungo vya uzazi vya jike visikue. Mfugaji hulijua hilo na mara nyingi humtenga mtamba huyo kwa ajili ya nyama. Ukiwa na pacha wa kiume na wa kike katika hadithi yako, huhitaji kutafuta ishara nyingine. Acha baba aeleze zizini kwa sauti ya kawaida, binti yake akiwa ameshika taa.

La pili ndilo tulilolichagua kwa Hawa na Mwanaidi. Kondoo jike humtambua mwanawe kwa harufu, na uhusiano huo hufungika ndani ya saa za mwanzo baada ya kuzaa. Mwanakondoo mgeni akimsogelea anapigwa kichwa. Kwa hiyo mwanakondoo wa jike mmoja akifa, na pembeni kuna yatima, wafugaji wana mbinu ya zamani: wanamchuna yule aliyekufa, wanatoboa ngozi matundu ya miguu, wanamvisha yatima. Jike ananusa, anasita, kisha anamnyonyesha. Baada ya siku chache, ngozi ikianza kuoza, huvuliwa, na kwa kawaida jike huwa ameshamzoea mtoto mpya.

Mama aliyefiwa anasimama kwenye uzio akitazama hayo. Usiongeze kitu. Usimfanye mhusika yeyote aseme "kama sisi". Katika tukio linalofuata shati la Salehe halimo tena kwenye sanduku, na msomaji ataunganisha mwenyewe.

Kama unataka hatari ya mwili pia, shimo la samadi linafaa kuliko kisu. Gesi inayotoka humo hunuka mayai yaliyooza ikiwa kidogo. Ikizidi, pua huacha kuisikia, mtu akadhani hewa imesafika. Anaanguka, na anayeingia kumwokoa anaanguka juu yake. Kwa pacha, anayeingia wa pili anajulikana kabla hajaingia. Lakini chagua kimoja, kisima au shimo. Viwili katika hadithi ya maneno 6,000 ni vingi.

Usisahau mbwa. Mbwa waliofunzwa wameweza kutofautisha harufu za pacha wa kufanana wanaoishi nyumba moja na kula chakula kimoja. Hivyo shambani kwako mbwa anajua, na lazima uamue atafanya nini na ujuzi huo. Mbwa anayenguruma kwa sababu tu ni hadithi ya kutisha hana kazi. Wetu hamfuati kamwe aliyevaa shati, na siku moja mchana, Hawa akiwa na gauni lake, mbwa anakataa kumfuata.

Hatua ya 5: Sauti ya msimulizi

Kiswahili kinakupa kifaa cha bure katika viambishi vya nafsi. Katika matukio matatu ya kwanza, kila kitendo cha pamoja kiandike kwa tu-: tulikamua, tulifungua lango, tuliogopa. Msomaji atawaona kama mwili mmoja. Kuanzia tukio la nne punguza tu- hatua kwa hatua hadi ibaki kwenye kazi za mikono tu, kisha ipotee.

Kifaa cha pili kina nguvu zaidi. Tukio la kisima lisimulie mapema kwa nafsi ya tatu: "Alikuwa ameinama kisimani, ndoo mkononi." Litaje tena katikati ya hadithi kwa maneno yaleyale. Karibu na mwisho lirudie mara ya tatu, ukibadilisha viambishi peke yake: "Nilikuwa nimeinama kisimani, ndoo mkononi." Usieleze. Usiweke alama ya mshangao wala nukta nyingi. Aya iendelee na jambo la kawaida.

Kiambishi a- nacho kina hatari yake. Mama na pacha wawili wakiwa jikoni, "alimtazama akatabasamu" inaweza kuwa yeyote. Kanuni yetu: taja jina mwanzoni mwa aya, na lirudie kila mtendaji anapobadilika. Utata wa makusudi uuweke mahali pasipozidi patatu katika hadithi nzima, na kila mahali pawe pameandikwa kwenye karatasi yako ya safu mbili. Utata usiopangwa humfanya msomaji arudi nyuma kutafuta kosa lako, na akiwa anatafuta kosa lako hayumo tena shambani.

Msimulizi asidanganye. Anaweza kuacha jambo, kukosea jina la aliyetenda, kukumbuka kutoka upande usio wake. Lakini akisema uongo wa wazi juu ya kitu alichokishika mkononi, msomaji atakasirika mwishoni, na atakuwa na haki.

Hatua ya 6: Panga matukio

Kwa maneno 6,000 mpango wetu uko hivi:

1. Kukamua alfajiri. Pacha kazini, kisima kimepigiliwa mbao, mama anawachanganya majina na hakuna anayecheka. Maneno 600.
2. Kondoo anazaa mwana aliyekufa. 500.
3. Baba anachuna na kumvisha yatima. Mama yuko kwenye uzio. 700.
4. Shati halipo sandukuni. 500.
5. Usiku. Hawa anasimulia kwamba upande wa pili wa kitanda ni baridi, na kwamba jikoni mama anamwambia mtu, "Salehe, kula." 700.
6. Pacha wanagombana: kila mmoja anasema ndiye aliyekuwa mlangoni mwa ghala. 600.
7. Ngozi inavuliwa, jike anamkubali yatima. Hawa anakuta kifungo cha shati mfukoni mwake, anaamini kimewekwa. 600.
8. Mbwa, na kioo. 800.
9. Misumari ya kisima imeng'olewa. 700.
10. Mwisho. 300.

Tukio la tano ndilo moyo wa mpango na linahitaji uangalifu kuliko mengine. Katika usomaji wa kwanza, Mwanaidi yuko jikoni na Hawa amelala akisikiliza. Katika wa pili, Hawa yuko jikoni na anayelala macho wazi ni Mwanaidi. Hawa anasimulia kutoka kitandani kwa sababu ndivyo alivyozoea kukumbuka. Ili yote mawili yasimame, msimulizi aseme anachosikia tu, kamwe asiseme anachokiona. Asubuhi yake weka dalili moja, na uifiche katikati ya orodha ya kazi: "Nikachota maji, nikaosha masizi mikononi, nikawafungulia kuku, nikaenda zizini." Jicho hushika cha kwanza na cha mwisho. Cha pili hupita, na humrudia msomaji baada ya kurasa 10.

Kwa tukio la nane kuna jambo lililothibitishwa. Mwaka 2010 Giovanni Caputo alionyesha kwamba mtu akitazama uso wake kwenye kioo katika mwanga hafifu kwa muda wa dakika 10, mara nyingi huona uso ukibadilika: unaharibika, unakuwa wa mtu mwingine, hata wa mzazi aliyekufa. Hawa anapoona kwenye kioo uso wa Salehe, hilo linawezekana bila mzimu wowote. Mpe taa ndogo, weka kioo mbele yake, na mpe sababu ya kukaa hapo muda mrefu. Kumchana nywele Mwanaidi aliyeketi mbele yake inatosha.

Hatua ya 7: Sentensi

Tazama aya hii:

"Niliogopa sana. Moyo ulinidunda na jasho likanitoka nilipomwona amesimama gizani, uso wake ukitisha."

Inamweleza msomaji ahisi nini, na kwa hiyo hahisi. Ilinganishe na hii:

"Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa shati. Mikono ya shati iliishia juu ya vifundo. Mama alimsogezea sahani, akamwambia asikae na nguo mbichi, kifua kitamrudia. Mwenye kifua alikuwa Salehe."

Hofu iko kwenye maneno ya mama, ambayo siku nyingine yoyote yangekuwa ya upole. Hiyo ndiyo njia: chukua sentensi ya mapenzi ya nyumbani, ielekeze kwa mtu asiye wake. Maneno "ghafla", "kutisha", "mzimu" na "mapigo ya moyo" yafute yote katika rasimu ya pili, kisha rudisha pale tu sentensi inapokataa kusimama bila moja yao.

Sauti ziwe za shambani na ziwe na sababu: bati linalolia jioni likipoa, mnyororo, ndoo, kondoo anayeita mwanawe usiku kucha baada ya kumpoteza. Sauti hiyo ya mwisho tumia tangu tukio la pili, kisha iondoe kabisa jike anapomkubali yatima. Ukimya utafanya kazi ambayo sentensi 10 za maelezo haziwezi.

Hatua ya 8: Mwisho

Miisho mitatu imechoka: kwamba pacha mmoja hakuwahi kuwapo, kwamba yote ilikuwa ndoto, na kwamba msimulizi yuko hospitali akimsimulia daktari. Wa kwanza ndio unaovutia zaidi na unaharibu zaidi, kwa sababu unafuta watu badala ya kuwaumiza.

Mwisho mzuri unafunga swali la nani aliacha mfuniko, na unaacha wazi swali la nini kitafuata. Kwetu, kiambishi kikibadilika katika tukio la tisa, msomaji anajua. Katika la kumi Hawa anakaa kukamua, na mkono unaoanza ni wa kushoto. Mama anaita jina. Jina lipi, hilo amua mwenyewe, kwa kuwa kila moja la majina matatu linaleta hadithi tofauti: "Salehe" linamaanisha mama amechagua, "Mwanaidi" linamaanisha Hawa ametoweka ndani ya dada yake, na "Hawa" linamaanisha mama alijua tangu mwanzo. Sisi tungechagua la tatu. Ni la upole kuliko yote na halimwachii mtu pa kukimbilia.

Hatua ya 9: Kurekebisha

Iache rasimu wiki mbili. Ukirudi, isome mara tatu kwa kazi tatu tofauti. Mara ya kwanza soma ukiamini safu ya kwanza tu, na weka alama kila mahali panapokataa. Mara ya pili fanya hivyo kwa safu ya pili. Mara ya tatu soma kwa sauti ukifuatilia mkono, saa na umbali peke yake. Makosa mengi ya hadithi hizi ni madogo ya namna hiyo, mfano Mwanaidi kufungua lango kwa mkono wa kulia ukurasa wa nne kwa bahati mbaya.

Kisha wape wasomaji wanne ambao hujawasimulia chochote. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize: nani aliacha mfuniko wazi? Ulianza kushuku wapi? Nani alivaa shati? Kila jibu waombe wakuonyeshe sentensi iliyowafikisha hapo. Wote wanne wakisema walijua kabla ya tukio la tano, dalili zako ziko mwanzoni au mwishoni mwa orodha, zihamishie katikati. Wakifika mwisho bila kuwa na uhakika wa mfuniko, badiliko la kiambishi limepita bila kusikika, na kwa kawaida ni kwa sababu sentensi ya awali haikurudiwa kwa maneno yaleyale. Wakigawanyika kuhusu shati, na kila upande ukakuonyesha mistari yake, safu zako mbili zimesimama. Na ikiwa hakuna hata mmoja anayeweza kuonyesha sentensi, rudi kwenye karatasi ya ukweli, kwani kuna jambo hujaliamua.